Haguswi kwa Chuma

Blaen-hesg, 4 Septemba

Kaka Ithel,

Barua yako ilifika Jumanne ikiwa imelowa pembeni, kwa sababu sanduku la barua lina ufa na Dyfrig anasema ataliziba Jumamosi, na kila Jumamosi kuna raga. Mume wangu huyo unamjua. Niliisoma mezani kwa kupaza sauti, Bibi ameweka kiganja nyuma ya sikio. Sasa hata simu ya ukutani haisikii. Anasema watu wa siku hizi wanaongea kama wametia soksi mdomoni. Kwa hiyo usiache kuandika kwenye karatasi. Na simu yangu ya mkononi, kama unavyokumbuka, hushika mtandao kule juu kwenye lango la kilimani tu, tena upepo ukiwa na adabu.

Mabli ametimiza miaka mitatu. Alikula keki kwa mikono miwili akalala palepale kitini. Aliniuliza unakaa wapi, nikamwambia Dundee, kule Uskoti. "Mjomba ana kondoo?" Nikasema hana hata mmoja. Alikuonea huruma kabisa, akataka tukutumie.

Bibi aliteleza kidogo karibu na hori la maji. Hakuvunjika. Anatembea.

Sasa lile ulilouliza. Nimefurahi mno kwamba kwenye gemu mnayotengeneza huko kazini kwenu kutakuwa na mwanamke wa Llyn Hesg, ziwa letu hili la matete ambalo ramani nyingine hata hazilichori. Unataka niandike hadithi kama Bibi anavyoisimulia, ili umpe mkuu wako. Mimi shule niliacha mapema, vituo na mikato yangu unaijua, wewe utanyoosha. Hii hapa.

Mwanamke alitoka ziwani na ng'ombe weusi tisa. Kijana wa Blaen-hesg akamtaka awe mkewe. Mwanamke akasema, nitakaa nawe, ila siku utakayonigusa kwa chuma, hata kwa bahati mbaya, nitaondoka na kila kilichokuja nami. Wakaishi miaka, wakazaa. Siku moja mume alikuwa anamkamata farasi, akamrushia mkewe hatamu amshikie, na kile kichuma cha lijamu kikamgonga kifundo cha mkono. Hakulia, hakugomba. Alishuka hadi ukingoni, akawaita ng'ombe kwa majina yao, mmoja mmoja, yote tisa, nao wakaja, wao na ndama wao na wajukuu wao, wakaingia majini nyuma yake. Binti yake mkubwa alibaki amesimama nchi kavu. Aliyasikia majina yote. Ndiyo maana nyumba hii inayo.

Na ndiyo maana jioni tunaita majina saba tu. Njoo Mgongo Mpana, njoo Paji la Nyota, mpaka la saba, njoo Mchelewaji, na kweli yule wa mwisho huingia zizini akisikia hilo. La nane na la tisa hayatajwi mpaka siku ng'ombe wanaondoka moja kwa moja. Mimi mwenyewe siyajui. Bibi ndiye pekee.

Uliomba nimrekodi akiita wito mzima. Nimemuuliza. Jibu lake naliandika kama alivyolitoa: "Mwambie mjukuu wangu, ng'ombe wangu bado nawataka."

Dada yako,
Lleucu


Dundee, 27 Septemba

Dada Lleucu, Bibi, Mabli, na wewe Dyfrig ukiwa umekaa hapo,

Mimi mzima. Hapa upepo hutoka mtoni saa zote na watu hutembea wameinama kama wanatafuta sarafu. Tunakaa watatu kwenye nyumba moja, na mwenzangu mmoja hupika maharage kila siku ya Mungu. Nimekumbuka supu yako ya kondoo na vitunguu vya liki mpaka nimeota nakunywa.

Bibi, pole kwa kuteleza. Usiende hori la maji peke yako.

Mkuu wangu alisoma hadithi yote akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Mwanamke nimeshamchora. Nywele zake ni matete, mikono ya nguo yake inadondosha maji hata akiwa jikoni. Nimemchora na kifundo cha mkono chenye alama, pale lijamu ilipomgonga. Mabli, mjomba amekuchorea kondoo nyuma ya karatasi hii. Ndiye kondoo wangu wa kwanza.

Ithel

(Karatasi ndogo, imekunjwa mara nne)

Lleucu, hii ni yako peke yako. Usimsomee Bibi.

Mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi. Wahusika tuliowachora ni wengi kuliko gemu inavyoweza kubeba, na wengine watakatwa kabla ya Krismasi. Wachoraji wao watakwenda nao. Mkuu ameniambia wazi kwamba mwanamke wa ziwa atabaki kwa sababu ya ule wito. Bila wito ni mwanamke mwingine tu mwenye nywele za maji, na hao tunao wanne. Nakuomba. Kama Bibi hataki, mrekodi bila yeye kujua. Hasikii, hataona kitu.


Blaen-hesg, 16 Oktoba

Kaka Ithel,

Huku kumenyesha siku kumi na moja. Kanisani Jumapili tulikuwa sita na mchungaji, na mchungaji mwenyewe alikuwa na mafua. Mabli amebandika yule kondoo wako juu ya kitanda chake na amempa jina, Bwana Manyoya. Bibi anatembea kwa kile kifremu cha hospitali sasa, kwa muda tu. Anakichukia. Anasema ni kama kusukuma lango lisilo na shamba.

Penri wa ng'ambo ya bonde alipita Ijumaa kuwaangalia ng'ombe. Tulikunywa chai.

Karatasi yako ndogo nimeisoma nikiwa banda la kuku. Kaka yangu, nakupenda, na habari ya mkataba wako inaniuma, nimekuombea. Lakini akili yako umeiacha kwenye treni? Nitarekodije kwa siri kitu kisichosemwa? Bibi huita majina saba. Nikisimama nyuma ya mlango mwaka mzima nitapata majina saba. La nane limo ndani yake kama jino.

Na hata ningeweza, nisingefanya. Mimi pia nalitaka hilo la nane, Ithel. Nalitaka kuliko wewe. Ana miaka themanini na sita. Akiondoka nalo, Mabli hatakuwa na kitu cha kurithi hapa ila ufa wa sanduku la barua. Lakini nataka anipe. Sitaki kumwibia.

Halafu kuna jambo moja. Umeniambia nywele zake zikoje, umeniambia nguo, umeniambia hata kifundo cha mkono. Hujaniambia kwenye gemu anafanya nini.

Lleucu


Dundee, 2 Novemba

Wapendwa wote,

Nimepata mafua lakini yameisha. Nimenunua koti. Bibi, kifremu ni kizuri, kisukume tu. Dyfrig, niliona matokeo ya raga, sitasema neno, wewe umeshaumia vya kutosha. Mabli, msalimie Bwana Manyoya.

Kazi inaendelea vizuri. Mwanamke wa ziwa anatembea sasa. Tulichukua siku nzima kumfundisha kushuka mteremko bila kuonekana kama amelewa.

Ithel

(Karatasi ndogo)

Umeuliza anafanya nini. Nilikuwa nakwepa. Anapigana. Yeye ndiye adui wa mwisho katika sehemu ya tatu. Mchezaji anafika ziwani na upanga, wanapigana, anamwua, na ng'ombe weusi wanakuwa mali ya mchezaji. Si mimi niliyepanga hivyo, lakini mimi ndiye niliyemchora, na nilimchora nikiwa na picha ya harusi ya Bibi mezani. Uso ni wake. Kila siku ninawatazama wajaribu-gemu wakiukata kwa upanga. Tafadhali usimwambie.

Na Penri alikuja kuwaangalia ng'ombe kwa sababu gani? Watu hawaji kuangalia ng'ombe wa mtu bure.


Blaen-hesg, 9 Novemba

Ithel,

Salamu zitakuwa fupi leo, sote wazima, mvua imekata.

Bibi anajua. Si mimi. Nilikuwa namwogesha Mabli, na Dyfrig akasema leo yeye ndiye atakayemsomea Bibi barua, amsaidie mke wake, kwa wema wake. Akafungua bahasha, akasoma kubwa, akasoma na ndogo, zote kwa sauti ile ya kuitia mbwa. Nilisikia kutoka bafuni: "ANAMWUA, NA NG'OMBE WEUSI WANAKUWA MALI YA MCHEZAJI!" Nilikimbia na povu mikononi. Dyfrig alikuwa ameshafika "tafadhali usimwambie" na amesimama hapo, mdomo wazi, kama ng'ombe aliyeona treni.

Bibi aliweka kikombe chake mezani. Halafu akauliza, "Kwa upanga? Upanga wa nini?"

Dyfrig akasema, "Wa chuma, nadhani, Bibi."

Bibi akaanza kucheka. Ithel, alicheka mpaka akashika nyonga. "Basi hajafa," akasema. "Huyo mkuu wake hajui kusoma? Aliandikiwa! Ukimgusa kwa chuma hafi. Anaondoka. Mwambie Ithel, huyo mwenye upanga ataamka asubuhi akute hana hata kuku."

Halafu akauliza, "Na uso ni wangu upi?"

"Wa picha ya harusi, Bibi."

"Ana bahati. Siku ile nilikuwa nimesukwa."

Kwa hiyo hakukasirika kwa ajili ya uso. Lakini Dyfrig alipotoka kulisha mbwa, Bibi aliniambia, bila kunitazama: "Ithel alikuwa mtoto msikivu. Sijui huko anasikiliza nini." Naandika tu alivyosema.

Na sasa zamu yangu ya kuacha kukwepa. Tunauza ng'ombe. Wote kumi na mmoja. Nyonga ya Bibi ilikuwa na ufa, si kuteleza kidogo kama nilivyokuandikia. Hatashika tena ndoo. Dyfrig yuko barabarani kutwa na lori la chakula cha mifugo, na mimi sitaweza peke yangu kwa sababu ambayo nitakuambia ikishakuwa salama kuisema. Kondoo wanabaki. Penri anawachukua ng'ombe wote pamoja, hatawatenganisha, amempa Bibi mkono. Lori lake linakuja tarehe 24, Alhamisi.

Unaelewa maana yake. Alhamisi hiyo wanaondoka moja kwa moja. Bibi amesema ataita yote.

Lleucu


(Kadi ya posta, picha ya daraja, Dundee, 17 Novemba)

Lleucu. Nimeelewa. Pole. Pole sana. Mkuu anaamua tarehe 5 Desemba. Rekodi. Tafadhali, mara hii moja, rekodi. Ithel.


Blaen-hesg, 27 Novemba

Kaka Ithel,

Sisi wazima. Mabli ana kikohozi lakini anakula. Kuna utulivu hapa ambao sijauzoea. Zizi lina harufu yao bado.

Nitakuandikia kama ilivyokuwa, sitaruka kitu.

Kadi yako ilifika Jumatano. Nililala nikiiwaza. Asubuhi nikaiweka simu mfukoni mwa aproni, nimeshaamua kwamba nitarekodi na nitamwambia Bibi baadaye, nitaomba msamaha. Najua niliandika kwamba sitaiba. Lakini mkataba wako ni mkataba wako, na niliona ukirudi Machi na sanduku lako, unalala kwenye kile chumba kinachovuja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, usinifanye malaika.

Penri alikuja saa tatu, baridi kali, nyasi nyeupe. Akaegesha lori juu, kwenye njia. Akampigia Dyfrig kelele, "Nichukue na wewe pia? Nafasi ipo!" Dyfrig akasema nani atamlisha. Wakacheka wanavyocheka wanaume wakiwa hawataki kuonekana wana huzuni.

Ng'ombe walikuwa bondeni, shamba la kando ya ziwa. Bibi akasema tunashuka, mimi na yeye na Mabli, wanawake watupu. Tulipofika pale kwenye ukuta wa mawe, mahali njia inapopinda, akasimama akasema, "Toeni chuma."

Nilikuwa sijui. Kila jioni ya maisha yangu nimewaita wale ng'ombe na ndoo mkononi. Kumbe majina saba huitwa ndoo ikiwa mkononi, na yote tisa huitwa mikono mitupu. Nikatoa funguo. Nikatoa vibanio vya nywele. Koti la Mabli lina vifungo vya chuma, tukalivua, nikamfunga shali yangu. Bibi alivua pete ya ndoa, na pete hiyo ni dhahabu, nikamwambia, akasema haidhuru. Kifremu akakiacha ukutani. Dyfrig akapaza sauti kutoka juu, "Hicho ni alumini, Bibi, si chuma!" Sijui Bibi alisikiaje lakini alisikia, akajibu, "Na wewe umekuwa mhunzi lini?"

Halafu akanitazama aproni. Alingoja.

Nikaitoa simu. Nilikuwa nimeshaibonyeza irekodi. Niliilaza juu ya ukuta, kati ya funguo na koti la Mabli, na tukashuka hatua kama mia mbili, Bibi ameniegemea upande mmoja, Mabli upande wa pili. Sikuwa na mkono uliobaki.

Akaita. Sauti haikuwa kubwa. Nilitarajia iwe kubwa. Jina la Mchelewaji lilipopita, ng'ombe walikuwa tayari wameinua vichwa, na kwa desturi hapo ndipo wanapoanza kutembea, lakini hawakutembea. Walingoja. Walijua kuna zaidi, Ithel. Wamezaliwa hapa, mama zao walizaliwa hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia la nane, na walingoja.

Akasema la nane. Akasema la tisa. Kisha akageuza mgongo, hakuwatazama tena, tukaanza kupanda.

Walitufuata. Walitupita pale kwenye ukuta, wamepangana mmoja nyuma ya mwingine, wakapanda ubao wa lori bila fimbo, bila mbwa, bila neno. Mbwa wetu Pero alikuwa amelala chini amefunika pua. Penri amefanya biashara ya ng'ombe miaka arobaini. Alifunga mlango wa lori, akavua kofia, akaivaa tena, akasema, "Naomba kikombe cha chai."

Lori lilipoondoka Bibi aliniuliza, "Umeyashika?" Nikasema nimeyashika. "Yaseme kichwani." Nikayasema kichwani, na yeye alikuwa ananitazama midomo isije ikacheza. Haikucheza. Akapiga piga mkono wangu, akasema sasa anataka kulala.

Kwa hiyo ninayo. Na sikupi. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa namna nzuri zaidi nikashindwa. Nilichonacho cha kukupa ni kile simu ilichokisikia pale ukutani. Nimekisikiliza juu kwenye lango. Bibi hasikiki kabisa, alikuwa mbali. Ni upepo, halafu upepo, halafu kwato. Kwato za ng'ombe kumi na mmoja kwenye ardhi iliyoganda, wanapita karibu. Katikati Mabli anauliza, "Wanaenda wapi?" Mimi sikumjibu. Basi.

Nimekutumia kutoka langoni, faili lilichukua nusu saa kupanda mtandaoni. Najua si ulichoomba.

Lleucu


Blaen-hesg, 28 Desemba

Kaka Ithel,

Krismasi njema iliyopita. Tulikuwekea sahani. Hukuandika kuhusu tarehe 5. Dyfrig anasema posta ina mgomo, nami nakubali kuwa ni posta.

Sanduku la barua limezibwa. Ndiyo. Mezani hapa hatujui tuseme nini juu yako, basi tunasema sanduku limezibwa.

Bibi yumo kitandani zaidi, kwenye chumba cha mbele, dirishani. Ameuliza mara mbili, "Ithel amesikia?" Nimemjibu nimekutumia. Akasema, "Sikuuliza ulichotuma."

Kama ulipoteza kazi, njoo. Kile chumba tumekipiga lami juu.

Lleucu


Dundee, 30 Januari

Dada yangu, Bibi, Mabli, Dyfrig,

Hakuna karatasi ndogo safari hii. Someni yote mezani.

Posta haikuwa na mgomo. Nilikasirika. Nilipofungua ulichotuma nikasikia upepo, nilikizima, sikukigusa wiki moja nzima. Tarehe 5 niliingia kwa mkuu mikono mitupu. Akauliza wito uko wapi. Nikasema uko kwa dada yangu na hautoki. Akasema basi, mwanamke wa ziwa amekwenda. Akanipa mpaka mwisho wa wiki nifunge mafaili yake.

Jioni ile ya Ijumaa, wenzangu wameshaondoka, nilikisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye kwato nilikuwa nimesimama. Sikumbuki kusimama. Halafu nikakumbuka alichosema Bibi, kwamba hafi, anaondoka. Niliandikiwa hilo mwezi wa tisa, na mwezi wa kumi na moja nikachekwa kwa ajili yake, na bado nilikuwa sijalisikia.

Nilifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Sasa iko hivi. Mchezaji anafika ziwani. Mwanamke yuko ukingoni, hana silaha. Kwa sehemu mbili nzima mchezaji amekusanya farasi, ng'ombe, mbwa anayempenda. Akimgusa kwa upanga, au akimkaribia tu na chuma chochote mwilini, hakuna vita. Mwanamke anatazama kifundo cha mkono wake, anageuka mgongo. Midomo yake huioni. Sauti zote za gemu zinakatika, muziki, maji, hata nyayo zako, unabaki upepo wa ukutani kwetu. Kisha wanyama wako wote wanainua vichwa. Wanangoja kidogo, nimeweka kule kungoja, Lleucu, kama ulivyoniandikia. Kisha unasikia kwato zikipita karibu na sikio lako, na wanaingia majini, mmoja mmoja, mbwa wako akiwa wa mwisho. Hurudishiwi kitu.

Jumatatu nilimwonyesha mkuu. Alimgusa kwa upanga, kama wote wanavyofanya. Mbwa wake alipoingia majini alisema neno ambalo siliandiki mbele ya Mabli. Kisha akauliza, "Ungefanyaje ili asiondoke?" Nikamwambia unaweka chini kila chuma ulichonacho kabla hujashuka, hata funguo. Akaanza upya.

Imechukua Januari yote kuwashawishi wakubwa wake, kwa sababu watu, wanasema, hawanunui gemu ili wapoteze vitu. Jana wamekubali. Amebaki. Nami nimeongezewa mwaka mmoja.

Lakini sijamaliza. Ile sauti ya Mabli anayeuliza wanaenda wapi imo ndani kwa sasa. Hapa hakuna anayejua lugha yetu, lakini kila anayeisikia anajua ni swali, na ananiuliza mtoto yule amejibiwa nini. Ni sauti ya binti yako. Ukisema niitoe, naitoa leo.

Bibi, nimesikia. Nimechelewa, ila nimesikia.

Ithel


Blaen-hesg, 3 Machi

Kaka Ithel,

Barua yako nimeisoma mezani mara tatu, na mara ya nne tumeipeleka kitandani kwa Bibi. Ile sehemu ya mbwa kuingia majini Pero alitoka nje.

Kwanza ile habari niliyokuwa naificha. Nina mimba ya miezi mitano. Kabla ya Mabli tulipoteza mmoja, unakumbuka, ndiyo maana nilikaa kimya. Daktari amesema mambo ni mazuri. Mwezi wa saba, Mungu akipenda. Dyfrig amenunua tayari mpira mdogo wa raga. Nimemwambia anaweza kuwa msichana. Akasema, basi atafunga vizuri zaidi.

Sauti ya Mabli iache. Niliwaza usiku mmoja, nikaona alichouliza ni swali la haki, wacha waulizwe na wengine. Mabli mwenyewe nilimwambia kwamba sauti yake itakuwa kwenye gemu. Akataka kujua kama Bwana Manyoya naye yumo. Shughulikia hilo.

Juzi nilimkuta Mabli uani anawaita kuku. "Njoo Mgongo Mpana! Njoo Paji la Nyota!" Mpaka Mchelewaji, hakukosea hata moja. Hakuna aliyemfundisha, amesikia tu maisha yake yote mgongoni kwangu. Na kuku walikuja, Ithel. Alipofika hapo akanitazama, akauliza, "Halafu?"

Nikamwambia, halafu tunawapa mahindi.

Bibi aliona kila kitu kutoka dirishani. Usiku, nilipomletea maziwa, alinishika mkono, tukazungumza kwa midomo na vidole, ndivyo tunavyozungumza sasa. Aliniambia nikuandikie jambo, na nimelihakikisha mara mbili, nisije nikawa nimetia maneno yangu. Amesema zizi letu ni tupu, hakuna ng'ombe wa kupotea tena. Amesema aliyesikia bila kuambiwa anaweza kuambiwa. Majina hayo si ya gemu. Ni yako, na unakufa nayo kama sisi. Atakuitia yote tisa, akiwa bado anaweza kushushwa hadi ziwani, na Dyfrig amesema atambeba mgongoni.

Njoo Pasaka. Simu na funguo viache kwenye gari. Kuku tutawafungia ndani kwanza.

Dada yako,
Lleucu